Mpango wa Taifa Upite Kijijini: Somo la Hanang na Mbulu



Tarehe 17 Julai 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, inayochukua nafasi ya ile ya 2025. Dira hii imesimama juu ya nguzo tatu: uchumi imara, jumuishi na shindani, uwezo wa watu na maendeleo ya jamii, na uhifadhi wa mazingira pamoja na ustahimilivu wa mabadiliko ya tabianchi. Kwamba mazingira yamepewa nguzo yao ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini nguzo hujulikana uimara wake inapobeba mzigo, na mzigo wa Dira utabebwa na vijiji. Ndiyo maana naandika kuhusu wilaya mbili za Mkoa wa Manyara, Hanang na Mbulu, ambako mikakati ya taifa imekwisha kupita zaidi ya mara moja na kuacha alama zinazoonekana hadi leo.

Maoni yangu ni haya: mkakati wa taifa wa maendeleo endelevu hupata haki yake, na nguvu yake ya kudumu, pale wanaoishi juu ya ardhi inayohusika wanaposikilizwa kabla ya uamuzi kufanyika. Neno "kabla" ndilo lenye uzito. Kwenda kijijini na kipaza sauti baada ya kila kitu kuamuliwa ni kutoa taarifa. Kusikiliza ni jambo jingine.

Maneno mazuri na swali lake

Wengi wetu tumezoea tafsiri ya maendeleo endelevu iliyotolewa mwaka 1987 na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Mwaka 1992, katika mkutano wa Rio de Janeiro, mataifa yalikubaliana kwamba kila nchi iandae mkakati wake wa maendeleo endelevu. Tangu hapo hatujakosa mikakati. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, tuna malengo 17 ya dunia ya mwaka 2015, tuna Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na sasa tuna Dira 2050.

Anayesoma falsafa hufundishwa kuuliza swali moja kwa kila sentensi ya namna hiyo: nani anayesema? Nani anayekadiria "mahitaji ya kizazi cha sasa"? Mahitaji ya mkazi wa mjini anayetaka mkate asubuhi, au ya mfugaji ambaye ng'ombe wake walikuwa wakilisha mahali ngano ilipopandwa? Wote wawili ni kizazi cha sasa, na wote wawili ni Watanzania. Tafsiri ya mwaka 1987 inatufundisha kuwakumbuka wajukuu. Haituambii tufanye nini wakati mahitaji ya ndugu wawili walio hai yanapogongana leo.

Ngano ya Basotu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 taifa letu lilitaka kujitosheleza kwa ngano. Nia hiyo ilikuwa njema, wala hakuna sababu ya kuidharau. Nchi changa inayotumia fedha za kigeni kununua unga haina budi kutafuta namna ya kulima yenyewe. Kwa msaada wa Serikali ya Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa katika nyanda za Hanang, kuzunguka Basotu. Yalifika mashamba saba, kila moja likiwa na ekari zipatazo 10,000. Yalikuja matrekta, mashine za kuvunia, mbegu za kisasa na wataalamu. Kwa miaka kadhaa Hanang ilitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini.

Ila nyanda zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, na zilikuwa bora kuliko nyingine zote walizokuwa nazo. Machoni pa mpangaji, ardhi isiyo na jembe wala uzio ilionekana haitumiki. Kumbe ilitumika kwa utaratibu. Wabarabaig walihamisha mifugo kufuata majira, wakiyaacha malisho ya kiangazi yapumzike wakati wa masika, na wazee walikutana kujadili anayevunja utaratibu huo. Kulikuwa na visima vyenye koo zinazovitunza. Kulikuwa pia na bung'ed, makaburi ya wazee wao wanaoheshimiwa, na baadhi ya makaburi hayo yalilimwa na trekta pamoja na nyasi.

Wananchi hawakukaa kimya. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani dhidi ya NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa wanakijiji ushindi wa sehemu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilibatilisha hukumu hiyo, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kilikuwa kimegawiwa ardhi hiyo kisheria. Tuielewe vizuri hoja hiyo. Watu waliozika wazee wao mahali fulani walitakiwa kuonyesha karatasi ya kuthibitisha kwamba mahali hapo ni pao. Kwa sheria ya wakati ule, pengine majaji walisoma walichopewa kusoma. Kasoro ilianzia mbali zaidi, katika mpango ulioiona ardhi bila kuwaona watu.

Mwisho wake tunaujua. Msaada wa Kanada ulikoma katika miaka ya 1990. Mashine zilihitaji vipuri kutoka ng'ambo, udongo ulioachwa wazi ulikatwa na makorongo, na shirika lenyewe likashindwa kujiendesha. Baadhi ya mashamba yalikwenda kwa wawekezaji, mengine yakarudishwa kwa vijiji. Mpango uliowaondoa wafugaji kwa jina la taifa haukudumu hata miaka thelathini kwa namna ulivyoanzishwa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mali ya wote

Aristotle aliandika katika kitabu cha pili cha Siasa kwamba kitu kilicho cha watu wengi hutunzwa kidogo kuliko vingine vyote, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake atakitunza. Mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin alilirudia wazo hilo kwa mfano wa malisho: kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, kisha mwingine, mpaka nyasi ziishe. Wapangaji wengi wa karne iliyopita waliyatazama malisho ya Afrika kwa jicho hilo. Waliona kwamba dawa ni ama kumpa mtu mmoja, ama kuipa Serikali.

Lakini mfano wa Hardin unahusu malisho yasiyo na wenyewe, na malisho ya Hanang yalikuwa nao. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba jamii zenye mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe na namna ya kumwadhibu mvunjaji, zinaweza kutunza mali ya pamoja kwa vizazi. Kinachoharibu ni kuvunja kanuni hizo bila kuweka nyingine zinazoheshimika. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye, katika swali la 66 la sehemu ile ya Summa inayohusu haki, anakubali kwamba mtu aweza kumiliki na kusimamia mali, lakini anaongeza kwamba katika matumizi mali hiyo aione kuwa ya wote, awe tayari kumgawia mhitaji. Kwake umiliki ni namna ya kutunza. Tukimfuata yeye, tunapotazama ardhi tutauliza kwanza nani anaitunza, na jinsi gani, kabla ya kuuliza hati iko kwa nani.

Walichokijua Kainam na Yaeda Chini

Tupande sasa milima ya Mbulu, hadi Kainam, katika nchi ambayo Wairaqw huiita Irqwar Da'aw. Pale watu ni wengi, mashamba ni madogo na miteremko ni mikali. Kwa hesabu za kawaida udongo wote ungekuwa umekwisha kuteremka bondeni. Haikuwa hivyo. Kwa vizazi vingi wakulima wa kule wamegeuza majani chini ya matuta, wamepanda kwa kukinga mteremko, wamefuga ng'ombe wachache zizini na kurudisha samadi shambani, na wameacha mabonde yenye maji yawe malisho. Watafiti wametoka Ulaya kuja kujifunza namna udongo ule ulivyojengwa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, bila mradi na bila bajeti. Wazee wanapotoa slufay, ile sala ndefu ya baraka, huiombea nchi, mvua, mifugo na watoto kwa pamoja. Wanajua kwamba kimoja hakistawi bila vingine.

Tushuke upande wa pili, bonde la Yaeda, nyumbani kwa Wahadzabe na pia kwa Wadatoga. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya kikundi kwa sehemu ya ardhi yao, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Baada ya hapo vijiji vya Mongo wa Mono na Domanga viliingia katika mpango wa hewa ya ukaa pamoja na Carbon Tanzania: msitu unalindwa na walinzi wa kijiji wenyewe, na fedha inayopatikana inakwenda kwenye mahitaji ambayo mikutano yao imeyachagua, kama ada za shule na matibabu.

Sisemi kwamba Yaeda ni paradiso. Bei ya hewa ya ukaa inapangwa mbali, na ni halali kuuliza kama mwenye kiwanda ng'ambo ananunua ruhusa ya kuendelea kuchafua. Hata hivyo linganisha mpangilio wa hatua. Basotu mpango ulitangulia, watu wakafuata wakiwa na malalamiko. Yaeda watu walitambuliwa kwanza kuwa wenye ardhi, mpango ukafuata.

Hilo ndilo Kanisa linaloliita kanuni ya auni. Papa Pius XI aliieleza katika waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931: ni dhuluma chombo kikubwa kuchukua kazi ambayo chombo kidogo kinaweza kuifanya. Baba Mtakatifu Francisko aliipeleka kanuni hiyo shambani na msituni. Katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 146, anasema jamii za wenyeji ziwe wabia wakuu wa mazungumzo pale miradi mikubwa inapoigusa ardhi yao. Katika namba 183 anawapa wakazi wa mahali nafasi ya pekee mezani tathmini ya mazingira inapofanyika.

Usiku wa Katesh

Msomaji makini atauliza: je, kijiji kinajua kila kitu? Hapana. Na Hanang ndiyo iliyotufundisha hilo kwa uchungu.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, Gendabi na maeneo jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Siku hiyo Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi. Siku moja kabla alikuwa amezindua huko mpango wa kuwasaidia wanawake wa Afrika kupata nishati safi ya kupikia. Alikatisha safari na kurudi kuwafariji waliofiwa.

Baada ya msiba huo wengine walikimbilia kuhubiri kwamba watu wa Katesh waliadhibiwa kwa kukata miti. Tuache maneno hayo. Serikali ilieleza, kwa kuwatumia wataalamu wa miamba, kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikashindwa kuhimili, ikameguka. Kumtwika mfiwa dhambi ambayo hatuna ushahidi nayo ni kosa la akili na la moyo pia. Rafiki zake Ayubu walifanya hivyo, na Mungu hakupendezwa nao.

Lililo wazi ni kwamba hakuna mkutano wa kijiji unaoweza kuona ufa ulio ndani ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Hapo tunahitaji taifa: wataalamu wa jiolojia, vituo vya hali ya hewa, ramani za maeneo hatarishi, fedha za kuwahamisha watu kwa heshima. Neno auni lenyewe lina maana ya msaada. Kanuni hii ina pande mbili: aliye juu asinyang'anye kazi ya aliye chini, na asimwache peke yake na mzigo unaomzidi. Tulichoona Basotu ni kuvunjwa kwa upande wa kwanza. Kumwacha mkazi wa chini ya mlima bila ramani wala tahadhari kungekuwa kuvunja upande wa pili.

Pia tukubali kwamba kijiji hukosea. Wapo wanaolima hadi ukingo wa mto, ingawa sheria ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Wapo wajumbe wa serikali ya kijiji wanaoigawa ardhi ya malisho kwa mwenye fedha. Ipo mikutano ambayo wanawake na vijana hawasikiki. Kusikiliza kijiji hakumaanishi kumtii kila mwenye sauti kubwa kijijini.

Tufanye nini?

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji uchukuliwe kuwa mahali ambapo Dira inaanza kazi. Kisheria kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaotokana na sheria ya mwaka 2007, ndio ukurasa wa Dira unaomhusu mkulima wa Dongobesh na mfugaji wa Basotu: hapa ni malisho, hapa ni msitu, hapa ni maji, hapa ni makazi. Kijiji kisicho na mpango huo kiko pale Mulbadaw ilipokuwa mwaka 1985, mbele ya mtu anayeuliza karatasi iko wapi.

Pili, mikakati iulizwe maswali ya mahali. Mkakati wa nishati safi unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni lengo jema, kwa kuwa moshi unaua na kuni zinamaliza misitu. Lakini katika nyumba ya Mbulu, mwezi wa Juni na wa Julai, moto si wa kupikia tu. Ndio unaowapasha joto bibi na watoto usiku. Mtungi wa gesi utaivisha ugali, na kuni zitaendelea kuwaka pembeni kwa ajili ya baridi. Mama yeyote wa Mbulu angemwambia hivyo mpangaji, kama angeulizwa. Pengine jibu ni nyumba zinazotunza joto, au miti ya kuni inayopandwa kwenye mipaka ya shamba. Jibu litapatikana kwa kuuliza.

Tatu, sisi wa Kanisa tuanze na kilicho mikononi mwetu. Parokia nyingi zina ardhi, visima na mashamba. Je, halmashauri ya walei inajua mpango wa matumizi yake? Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukutana kila wiki, tena jirani na jirani, jambo ambalo halmashauri nyingi zingetamani kuliweza. Zinaweza kusoma pamoja, kwa Kiswahili chepesi, kurasa chache za Dira, kisha waumini wakaenda kwenye mkutano wa kijiji wakijua la kusema, bega kwa bega na majirani wa madhehebu na dini nyingine. Nasi mafrateri, tunaopewa miaka ya kusoma kwa sadaka za wakulima na wafugaji hao, tuna deni la kuyafafanua mambo haya bila kujificha nyuma ya maneno magumu.

Kizazi kitakachoiona 2050 kimekwisha kuzaliwa. Wengine wanachunga ndama leo katika nyanda za Basotu, wengine wanabeba samadi Kainam, wengine walipoteza wazazi Katesh. Wao ndio watakaosema kama nguzo ile ya tatu ilibeba kitu. Waitwe mezani sasa, wao na wazazi wao, kalamu ikiwa bado haijaandika jina la shamba.